Kidole cha Mwashi

Mashine ilitundikwa ukutani kando ya mlango wa msajili wa chuo, na kila mwanafunzi alitakiwa kuiwekea kidole kabla ya kuingia darasani. Kidole kikisomeka, taa ya kijani iliwaka na mashine ikasema, "Asante." Kisiposomeka, taa ilikuwa nyekundu, na sauti ya mwanamke mpole asiye na haraka na mtu ikasema, "Tafadhali, jaribu tena." Wanafunzi wa ushonaji walisomeka. Wa kompyuta walisomeka, tena bila kusimama. Wanafunzi wa uashi, watu wanaoshika matofali na simenti kutwa nzima mpaka ngozi ya vidole inapoteza alama zake, walijaribu tena na tena mpaka foleni nyuma yao ikaanza kusonya.

Sasa hebu fikiria akili hiyo. Chuo kinafundisha watu kujenga, halafu kinanunua mashine isiyoweza kumtambua mjenzi. Na ukiwaambia hivyo pale ofisini, wewe ndiye unaonekana mkorofi.

Katika darasa hilo la uashi alikuwemo mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, anayetembea wima kama amefungwa ubao mgongoni. Wenzake walimpachika jina la Timazi, lile jiwe la kamba ambalo waashi hulining'iniza kupima kama ukuta umenyooka. Jina lilimkaa, akaliitikia. Asubuhi alifanya kibarua cha kukoroga zege kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likipanda mjini, mchana alikwenda chuo, jioni alirudi nyumbani kwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, fundi cherehani aliyemlelea binti yake kama wa kumzaa.

Kule kazini msimamizi alikuwa amemwambia waziwazi. "Mikono yako ninaiona. Lakini kampuni haitaki mikono, inataka karatasi. Lete cheti nikupe mwiko wa kujengea. Bila cheti, dada yangu, ni beleshi mpaka uzeeke." Kwa hiyo Timazi alikuwa na jambo moja tu kichwani mwaka mzima, nalo ni kufanya mtihani wa vitendo na kutoka na cheti. Akishika mwiko, binti angeendelea na shule. Akibaki na beleshi, binti angekaa nyumbani na kujifunza kutia vifungo.

Mashine ilipoanza kumkataa, hakupuuza. Alienda kwa msajili siku ileile. Msajili alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi na tabasamu lisilomaanisha chochote.

"Mama, jaribu kupaka mafuta," alimshauri.

Alipaka mafuta. Kidole kiliteleza, taa nyekundu.

"Basi osha vizuri."

Aliosha. Nyekundu.

"Labda uipumzishe mikono kidogo, mama. Usiifanyishe kazi nzito."

"Mimi ni mwanafunzi wa uashi," Timazi alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nakushauri."

Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amefura. Wifi yake alipopata habari alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Wifi, si nikuazime kidole changu? Hiki hapa, kimenyooka, kinasomeka, hakijawahi hata kushika jiwe. Nitakwenda nikuwekee halafu nirudi kushona. Wewe ingia ukajenge."

"Usinitanie, wifi."

"Nani anakutania? Hicho chuo ndicho kinachokutania."

Mwalimu wao wa uashi aliwaambia wasijali. Yeye alikuwa na daftari lake la mahudhurio, aliita majina kila siku, nao waliitikia. Mwalimu alikuwa mtu mwema, ila mwoga. Waraka ulipotoka kwamba madaftari hayatambuliki tena na kinachohesabika ni mashine peke yake, aliusoma kimya, akaukunja, akautia mfukoni. Hakuwaambia. Tuseme ukweli, alitegemea jambo lile lingejimaliza lenyewe, kama watu wengi wema wanavyotegemea.

Halikujimaliza. Asubuhi ya mtihani ubao wa matangazo ulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa na majina ya wanaoruhusiwa. Ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na juu yake pameandikwa: Wasioruhusiwa kwa Sababu ya Utoro. Timazi alijitafuta kwenye ya kwanza kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Alijikuta kwenye ya pili. Zaidi ya nusu ya darasa la uashi ilikuwa humo pamoja naye, na walikuwa walewale waliofanya vibarua vya ujenzi nje ya chuo. Waliopona ni wale ambao nje ya darasa hawakushika tofali kabisa.

Utoro. Neno hilo lilimchoma kuliko kukataliwa kwenyewe. Yeye, aliyekuja na homa. Yeye, aliyekuja siku ya pili baada ya kumzika mama yake mzazi, kwa sababu siku hiyo walifundishwa kujenga kona.

Alipiga moyo konde akaingia kwa msajili.

"Mama, mfumo unaonyesha hukuhudhuria."

"Nilikuwepo. Muulize mwalimu."

"Mwalimu si mfumo."

"Waulize wenzangu."

"Wenzako nao hawakuwepo, mama. Mfumo ndio unaosema, na mfumo haudanganyi."

"Hata wewe mwenyewe uliniona! Kila siku nilisimama hapo mlangoni kwako, ile mashine inanifokea, na wewe unanitazama!"

Msajili alitabasamu. "Kukuona ni jambo moja, mama. Kuhudhuria ni jambo jingine. Nenda kwa mkuu wa chuo."

Kwa mkuu wa chuo alisubiri kwenye benchi huku akisikia, uani, sauti ya matofali yakipangwa. Mtihani ulikuwa umeanza. Alipoitwa, mkuu alimsikiliza akiwa anatia saini karatasi nyingine, wala hakuinua uso.

"Nikikuruhusu wewe, kesho watakuja wote."

"Waje. Wote tulikuwepo."

"Masuala ya mahudhurio yako kwa msajili."

"Msajili kanileta kwako."

"Basi mrudie umwambie mimi nimesema ni yeye."

Alirudi. Walikuwa wakimpiga danadana na walijua kabisa wanachofanya. Alipofika kwenye veranda ya ofisi, mlango wa msajili ulikuwa umefungwa, na kadi imetundikwa kwenye kitasa: Mapumziko ya Mchana. Ndani alisikia simu ikipiga muziki, na kijiko kikigonga sahani. Aligonga. Kijiko kilinyamaza. Aligonga tena. Muziki uliongezwa sauti.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Alisimama mbele ya mlango ule, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakutafuta neno la adabu la kusema. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka masikio yanapiga kelele. Aligeuka akatazama uani.

Pale uani palikuwa na nafasi za mtihani zisizo na watu. Mwalimu, kwa ule wema wake wa kimyakimya, alikuwa ameandaa vifaa vya darasa zima. Matofali ya wale waliozuiwa yalikuwa yamepangwa, na udongo wa kujengea ulikuwa umekorogwa, chokaa na mchanga mtupu, bila simenti, kwa maana kuta za mtihani hubomolewa jioni ileile ili matofali yasafishwe na kutumika tena. Udongo ulikuwa unaanza kukauka juani bila mwenyewe.

Timazi alichukua mwiko. Alifunga uzi kati ya nguzo mbili za mlango wa msajili. Akaweka tofali la kwanza.

Hakuwa na haraka. Alipaka udongo, akaweka, akagonga kwa mpini, akakata uliozidi, akausambaza kwenye lililofuata. Wenzake waliofungiwa nje ya mtihani walikuwa wamekaa kivulini wakilaani. Walimwona. Mmoja aliinuka, akaokota matofali akamletea. Mwingine akaleta karai la udongo. Muda si muda walikuwa wamejipanga mstari kutoka uani hadi verandani, wakipokezana, kwa sababu hakuna mwashi anayeweza kumwacha mwenzake ajenge huku akijibebea matofali mwenyewe.

Mwalimu alitokea kwenye kona na kusimama ghafla. Aliutazama ukuta, akautazama mlango, akamtazama Timazi. Mwalimu akakohoa.

"Kozi ya tatu," alisema kwa sauti ya chini, "imezama kidogo kulia."

Kisha akageuza uso akaondoka zake. Timazi aliichungulia ile kozi, safu ya tatu ya matofali kutoka chini. Ilikuwa imezama kweli, akairekebisha.

Ukuta ulipomfika kifuani aliacha. Kifua cha Timazi ni kidevu cha msajili, na Timazi alikuwa amesikia ndani kiti kikisogezwa. Mlango ulifunguka, maana ulifungukia ndani, na msajili akajikuta uso kwa uso na matofali. Juu ya matofali aliona uso wa Timazi.

"Nini hiki?" alisema. "Nini hiki? Nani amejenga hapa?"

"Sijui," Timazi alijibu. "Sisi hatupo."

Waliokuwa nyuma yake waliangua kicheko. Timazi hakucheka hata kidogo.

"Toa! Toa upesi! Nina kikao!"

"Tafadhali," alisema Timazi, "jaribu tena."

Msajili aliita mlinzi, akamwita mkuu, akawaita watu wasiokuwepo. Ukuta ule ulikuwa wa chokaa na mchanga, mbichi kabisa. Angeuegemea tu kwa bega ungelala chini kama mlevi. Lakini katika miaka yake yote chuoni hapo hakuwahi kuja uani kutazama kinachofundishwa, na kwake ukuta ulikuwa ukuta. Ilibidi atokee dirishani, kiatu kimoja mkononi, mlinzi akimshika kiuno na chuo kizima kikitazama.

Kikao cha nidhamu kiliitishwa upesi kuliko kikao chochote kilichowahi kuitishwa pale. Malalamiko ya mashine yalikuwa yamesubiri mwaka, ila ya ukuta yalipata nafasi wiki ileile. Timazi aliketi mbele ya meza ndefu, wifi yake pembeni kama ndugu wa mwanafunzi. Hawakumuuliza kwa nini. Walimsomea barua.

Barua ilisema amefukuzwa. Ilisema pia, kwa sababu msajili alisisitiza jambo lile lisichukuliwe kama mzaha, kwamba mwanachuo huyo alionekana na mashahidi wengi akiwa ndani ya eneo la chuo, saa za mtihani, ambapo kwa mikono yake mwenyewe alijenga ukuta wa matofali ulionyooka, ulio imara, usioweza kuondolewa kwa nguvu za mtu mmoja, na kwamba aliujenga kwa muda wa mapumziko ya mchana tu.

Wifi alimkanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Una la kusema?" mkuu aliuliza.

Timazi alikuwa na mengi. Alikuwa nayo tangu ile taa nyekundu ya kwanza, na yote yalikuja kwa pamoja, hata machozi yakamtoka, machozi ya hasira yanayounguza. Aliyafuta kwa kiganja.

"Nina moja," alisema. "Barua haina muhuri. Pigeni muhuri."

Katibu muhtasi alipiga muhuri.

Kule kazini, msimamizi wa jengo aliisoma ile barua akiwa amesimama, kofia ngumu kichwani. Aliirudia. Kisha alikaa juu ya mfuko wa simenti akacheka mpaka vibarua wakaacha kazi kumtazama. Alijifuta macho, akakunja barua, akaiweka mfukoni mwake.

"Wenyewe wamesema ni imara," alisema. "Wana muhuri. Kampuni ikiniuliza nitawaonyesha. Kesho njoo na mwiko, dada yangu, beleshi mwachie mwingine."

Timazi alishukuru, kwa kuwa ni adabu. Lakini msimamizi aliona hajacheka.

"Mbona umenuna? Si umepata?"

"Mimi nimepata," alisema. "Wale walionipa matofali wameandikwa watoro, na hawana hata barua ya kufukuzwa."