Ioni ya Shaba Yenye Chaji Moja

"Watu wote wa Mbinga, wenye kahawa na wasio na kahawa, wanatangaziwa kwamba leo saa nne asubuhi ioni ya shaba itaeleza, mbele ya mashahidi, ina chaji ngapi."

Tangazo hilo liliandikwa ubaoni na Egidi wa Kidato cha Tatu, mtoto wa mvuvi wa Mbamba Bay. Mashahidi waliofika ni wanafunzi thelathini na kuku mmoja wa mpishi, naye kuku alitoka kabla ya swali la kwanza.

Mwalimu Kilian alipima bamba la shaba kwenye mizani, akampa Egidi alining'inize ndani ya maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Hapo ndipo Egidi alipochomeka kipande cha madini ya risasi, kilichokuwa kikizamisha wavu wa baba yake, ndani ya mkunjo wa juu wa bamba. Alikuwa amekikata na kukipima jana yake: gramu 0.64 kamili. Alitaka tu kumwona Mwalimu akijikuna kichwa.

Umeme wa ampia moja ulipita kwa sekunde 1,930. Bamba liliporudi mizanini, lilikuwa limeongezeka gramu 1.28.

Mwalimu aliandika. Kulomu 1,930 kugawanya kwa 96,500, kulomu za moli moja: moli 0.02 za elektroni. Gramu 1.28 kugawanya kwa 64, uzito wa atomu ya shaba: moli 0.02 za shaba. Elektroni moja kwa kila ioni.

"Moja?" Chaki ilisimama. "Tulitakiwa kupata mbili."

Egidi aliinamia daftari kuficha kicheko. Kicheko kilikufa aliposikia sauti ya Mkuu wa Shule mlangoni.

"Nilijua. Huo si mrututu. Mrututu wetu umekwenda shambani."

Mwaka ule ushirika ulikuwa umeacha kuwakopesha wakulima dawa ya kahawa, na wafanyabiashara waliokuja walileta madebe yasiyoaminika. Mrututu safi, unaotengenezewa dawa hiyo, ulitafutwa kuliko sukari. Ufunguo wa stoo ya maabara alikuwa nao mtu mmoja: Mama Mektilda, mhudumu wa maabara, aliyekuwa akiosha chupa pembeni.

"Mama, una shamba la kahawa kule Kitura, siyo?"

"Ninayo, Mkuu. Aliniachia marehemu."

"Unaipulizia nini?"

Mama Mektilda aliacha kuosha. Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa chake, tone, tone, na darasa zima likayasikia. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nguzo ya bendera.

"Weka ufunguo mezani," Mkuu alisema. "Kazi imekwisha. Mengine utawaeleza polisi. Mlinzi! Washa pikipiki."

Egidi alihisi ulimi umekuwa mzito kuliko risasi yake. Mama huyu ndiye aliyemfunika kwa kanga yake alipougua malaria. Akikiri atafukuzwa. Asipokiri, mama atapandishwa pikipiki. Injini ilikohoa, ikawaka.

"Mkuu, nipe dakika moja," Mwalimu Kilian alisema, bado akitazama ubao. "Namba hii inanitisha."

"Inakutisha nini? Wizi ni wizi."

"Mrututu uliochanganywa na uchafu ungetupa namba yenye mkia mrefu baada ya nukta. Hii ni moja kavu. Ili kuipata, lazima bamba lizidi uzito uliotarajiwa kwa gramu 0.64, isiwe 0.60 wala 0.70. Mwizi hana haja ya kuwa makini hivi. Aliyefanya hivi alikokotoa moli kwanza, ndipo akaja kutuchezea." Aligeukia darasa. "Nani hapa anaweza?"

"Egidi tu, Mwalimu!" Wendelin, jirani yake wa dawati, alijibu kwa fahari ya rafiki. "Huyu moli anazikokotoa hata akiwa anakula ugali!"

Hakuna aliyecheka. Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Wendelin alimtazama Egidi usoni, akaelewa alichokisema, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Egidi alisimama.

"Shikamoo, Mama," alianza, ingawa alikwisha kumwamkia asubuhi.

"Marahaba, mwanangu."

"Mrututu wako ni mzima. Nimechomeka risasi kwenye mkunjo wa bamba. Ni mimi, Mkuu. Nilitaka Mwalimu acheke." Akalitazama bamba. "Hapana. Nilitaka tumcheke Mwalimu."