Orodha ya Pili Botini

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, Ndalahwa alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini ufukweni Lamadi, akiwapandisha ndugu zake botini mmoja mmoja na kumwonyesha kila mtu pa kukaa.

Harieth alimtazama kutoka mchangani. Baba yake mdogo huyu alikuwa mkono wa birika. Katika miaka yote thelathini na minne ya maisha yake, Harieth hakukumbuka kumwona akimnunulia mtu hata soda. Sasa alikuwa amekodi boti kwa siku mbili, yenye paa na mpishi, iwatembeze watu kumi na saba wa ukoo mmoja visiwani, walale huko na kurudi Jumapili jioni. "Tumelia vya kutosha," aliwaambia kwa simu. "Hata marehemu angependa tupumzike."

Marehemu alikuwa Masele, baba yake Harieth, aliyefariki mwezi Machi na kuacha nyumba Bariadi na mashamba ya pamba na mpunga Shishiyu. Mara mbili Ndalahwa alikuwa ameomba awe msimamizi wa mirathi. Mara mbili Milembe, mjane, alimkatalia. Yeye alitaka awe binti yake, Harieth. Kwa kawaida ukoo hukaa kikao kumteua msimamizi, ukaandika muhtasari, waliohudhuria wakatia saini, na karatasi hiyo ikapelekwa mahakamani. Kikao cha mirathi ya Masele kilikuwa hakijafanyika.

"Leo jua limetokea magharibi, huko Mwanza!" alisema shangazi Veronica akivuta gauni apande. "Ndalahwa, umeokota dhahabu?"

"Panda, dada, usiniletee mkosi."

"Napanda. Ila nikiharisha kwa hicho chakula chako cha bure, utanibeba wewe."

Milembe aliketishwa benchi la mbele kabisa. Mihayo, mume wa Harieth, alielekezwa nyuma kabisa, karibu na injini. Kwa Wasukuma mwanamume hamkaribii mama mkwe wake wala hali chakula mbele yake, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mihayo alipita pembeni ameinamisha macho.

"Mkwe, huko utanuka dizeli!" Veronica alimtania.

"Afadhali dizeli kuliko aibu, shangazi."

Watu walicheka. Harieth hakucheka. Alhamisi Ndalahwa alikuwa amempigia simu kuuliza jambo moja tu: Mihayo naye anakuja? Alipojibiwa ndiyo, alisema, "Basi tutamweka nyuma, kwa heshima." Mihayo alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Kati ya watu wote kumi na saba, ni yeye peke yake aliyekuwa akishika karatasi za mirathi kila wiki. Machale yalimcheza Harieth, lakini machale si ushahidi. Alipanda, akakaa benchi la nne.

Boti iliondoka saa tatu na robo. Ilipofika saa nne, ufukwe ukiwa bado unaonekana, Ndalahwa alitoa karatasi kwenye bahasha na kuianzisha mbele, kwa Milembe.

"Shemeji, majina na saini. Nahodha anataka. Sheria za majini siku hizi kali."

Milembe alisaini. Karatasi ikarudi nyuma benchi kwa benchi, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Ilipomfikia Harieth ilikuwa na saini kumi. Aliisoma kabla ya kuishika kalamu. Ilikuwa na safu nne: namba, jina, uhusiano, saini. Hapakuwa na safu ya simu. Uhusiano na nani, haikusema. Juu ya mistari paliachwa nafasi nyeupe ya vidole vinne.

Aliipiga picha, akamtumia Mihayo. Mtandao bado ulikuwepo. Mila ilimkataza mkwe kusogea mbele. Haikumkataza kujibu ujumbe.

"Usisaini," aliandika Mihayo. "Hiyo si ya boti. Kichwa cha habari kitaandikwa baadaye, halafu itaitwa mahudhurio ya kikao cha ukoo."

Harieth aliinua uso. Ndalahwa alikuwa anamtazama.

"Kalamu imekataa, mwanangu?"

"Haijakataa, baba mdogo." Aligeukia usukani. "Nahodha, orodha yako ya abiria ina saini?"

Onesphory, nahodha, aligonga daftari lililokuwa mbele yake. "Yangu hii hapa, dada. Nimeiandika kabla hatujaondoka. Majina, na simu za ndugu waliobaki nyumbani. Saini za nini? Mtu akizama, saini itamwokoa?"

Watu wa benchi zote walimgeukia Ndalahwa.

"Ni yangu mimi," Ndalahwa alisema. "Kumbukumbu ya familia."

"Umesema ya nahodha," alisema Milembe bila kugeuka.

"Shemeji, ni maneno tu. Kumbukumbu."

"Basi tuikamilishe," alisema Harieth. "Haisemi ni kumbukumbu ya nini."

Aliiweka karatasi juu ya goti na kuandika kwa herufi kubwa, akaijaza ile nafasi nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akasoma kwa sauti: "Matembezi ya boti kutoka Lamadi, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025. Hakukuwa na kikao cha ukoo."

"Kikao?" Veronica aliuliza. "Nani kataja kikao?"

"Hakuna aliyetaja, shangazi. Ndiyo maana nimeandika."

Veronica alimgeukia kaka yake. "Aa, Ndalahwa," alisema. "Na mimi nimeshasaini."

Harieth aliandika jina lake katika mstari wa kumi na moja, kwenye uhusiano akaandika "binti wa Masele", akasaini, akapitisha. Waliobaki walisaini. Mihayo alisaini wa mwisho. Karatasi ilirudi mbele mkono kwa mkono, na Harieth akaipiga picha ya pili kabla haijamfikia Ndalahwa. Ndalahwa aliipokea, akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Mpishi alileta chai na maandazi. Ndalahwa hakunywa.

Saa tano na dakika ishirini alinyanyuka, akaenda kwenye usukani, akasema tumbo linamsumbua, safari ya visiwani haiwezekani tena. Onesphory alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alisema anayo. Boti ikageuzwa.