Jina la Mwenyeji

Gwantwa alifika steshenari kabla haijafunguliwa. Alikaa kwenye benchi la nje na mfuko wa rambo mapajani, ndani yake pasi mpya ya kusafiria, kanga mbili, na kahawa ya Isansa aliyoikaanga mwenyewe. Barabarani malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wanapiga mswaki kwenye ngazi za vichwa vya magari. Ng'ambo, basi la kusini lilikuwa linapakia. Kondakta alishamwambia bila kumtazama: mtu asiye na karatasi ya fomu ya kuwasili hapandi. Saa sita tunaondoka.

Mwenye steshenari, Mayala, alikuwa mtu wa makamo aliyekuja Tunduma kutoka Momba kuuza ng'ombe, akaishia kuuza fotokopi.

"Mama, hii fomu haina utani," alisema, yeye ambaye bila utani asingeweza hata kuwasha kompyuta. "Juzi kuna jamaa kajijazia mwenyewe kwenye simu. Kaweka tarehe ya kuzaliwa mahali pa tarehe ya kusafiri. Mfumo ukaona mtoto mchanga anasafiri peke yake. Bado yuko hapo Nakonde, upande wa pili wa mpaka, ananyonya."

Alichukua pasi, akanakili jina herufi kwa herufi, akaisoma namba mara mbili kwa sauti.

"Umezaliwa Julai mosi. Hivi Isansa nzima mmezaliwa Julai mosi? Siku hiyo mkunga alipona kweli?"

Gwantwa akatabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu simu ile.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kumwona mwanangu. Kaangukiwa na jiwe mgodini, yuko hospitali. Mwenzake, Wilbard, ndiye kanipigia. Kasema nisichelewe."

Mayala aliacha utani. Akaandika jina la hospitali, ambalo Gwantwa alikuwa amelikariri njia nzima.

"Sasa jina la mwenyeji. Yaani huyo mgonjwa. Hapa mfumo unalihakiki na hospitali yenyewe, kwa hiyo nipe kamili."

Gwantwa akatazama miguu yake.

"Tata," akasema.

"Tata nani?"

"Mimi namwita Tata."

"Tata si baba? Mama, unakwenda kumwona mwanao au unakwenda kumwona baba yako?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri picha akacheka. Gwantwa hakucheka.

Mtoto wa kwanza wa kiume, kwao, hupewa jina la babu mzaa baba. Na mkwe wa kike hatamki jina la baba mkwe, awe hai, awe kaburini. Mzee yule alipokuwa anapita njiani, Gwantwa aliingia kichakani, akavuta kanga kichwani na kumpa mgongo hadi mlio wa fimbo yake uishe. Kwa hiyo mtoto alikuwa Tata. Halikuwa jambo zito, maana watu walikuwepo. Kliniki, wifi yake alilitaja jina. Shuleni akalitaja mumewe. Kanisani akalisoma katekista. Kisha mumewe akafa. Wifi akaolewa Nanyala, akazikwa hukohuko. Tata akavuka mpaka na begi moja. Nyumbani sasa, mtu akitaka kusikia sauti, anakohoa.

"Mpigie huyo Wilbard," alisema Mayala.

"Yuko chini, mgodini. Simu haishiki mpaka apande."

"Basi niandikie kwenye karatasi."

"Kuandika sijui. Na ningejua, bado ningekuwa nimelitaja."

Hapo akaingia Bosi Yonathani, mwenye malori, funguo zinacheza kidoleni. Mayala alisimama.

"Fomu yangu imerudi," Yonathani alisema. "Eti tarehe. Mama, sogeza huo mfuko."

Gwantwa akausogeza kwenye benchi la ndani. Yonathani hakukaa. Alipiga simu, akaenda nayo mlangoni. "Mheshimiwa, shikamoo. Hapana, kwema. Vijana wako wananisumbua na kitarehe... Ndiyo. Ndiyo, hiyohiyo. Haya, Mungu akubariki." Alirudi. "Hebu fungua tena."

Mayala akafungua. Fomu ilikuwa ya kijani, imekubaliwa.

"Huu mfumo una shida sana," Yonathani alisema, akatoka.

Ng'ambo, basi likapiga honi.

"Mama yangu," Mayala alisema polepole. "Mimi Msukuma, na kwetu tuna miiko yetu. Lakini mzee alishakufa. Hasikii."

"Hakusikii wewe."

Honi ya pili. Kondakta alikuwa anafunga milango ya mizigo.

Gwantwa akainuka. Akaenda kona, nyuma ya mashine ya fotokopi, akavuta kanga kichwani, akaugeukia ukuta uliobandikwa picha za pasipoti za watu waliozisahau. Midomo ilitangulia bila sauti. Kisha akalisema.

"Andongwisye."

Vidole vya Mayala vikasimama. "Samahani mama, honi imeniziba masikio. Rudia."

Akarudia. Akataja na ukoo. Aliporudi kwenye benchi alikuwa anajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, kama mtu aliyekula kitu kichafu.

Mayala akabonyeza. Wakasubiri wote, hata mwanamke wa picha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kikawa chekundu.

Mayala alisoma kimya, halafu akarudia kusoma, kidole juu ya kioo.

"Wanasema hospitali haina mgonjwa wa jina hili."

"Yupo," alisema Gwantwa.

"Najua yupo, mama."

"Waambie yupo."

"Hapa hakuna mtu wa kuambiwa. Ni mashine."

"Yule bosi kampigia nani?"

Mayala akakuna kidevu. "Ana mtu wake."

"Nipe namba ya huyo mtu. Mimi nitamwomba. Nitampigia magoti."

"Namba zile hazipewi watu, mama. Hata mimi sina."

Gwantwa akavuka barabara hivyohivyo, pasi mkononi. Kondakta aliitazama pasi, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, akasema, "Karatasi?" Kiti cha Gwantwa tayari kilikuwa na kijana wa miwani, na mlango ukafungwa. Basi likajichomeka katikati ya malori. Wabadilisha fedha waliendelea kuita, kwacha, kwacha.

Alikuwa amesharudi kwenye benchi simu ilipoita. Wilbard, anahema.

"Mama, tumepanda sasa hivi. Umeshaondoka?"

"Wamesema hayupo."

"Hayupo vipi? Umewapa jina gani?"

Gwantwa akamnyooshea Mayala simu. Mayala akaipokea, akalitaja yeye, kwa urahisi tu, kama mtu anayetaja bei ya daftari.

Kisha Wilbard akasema, "Ee Mungu wangu. Huku hakuna anayelijua jina hilo. Anafanya kazi kwa karatasi za mtu mwingine. Huku ni Edson. Mgodi unamwita Edson, hospitali Edson. Jazeni tena, andikeni Edson."

Mayala akajaribu. Alisoma, akaweka simu karibu na mdomo. "Pasi ikishakataliwa wanaifunga. Mpaka zipite wiki mbili."

"Wiki mbili?" Wilbard alisema. "Mpe mama."

Gwantwa akapokea.

"Anaita, mama. Anaita kwa kilugha chetu. Manesi hawaelewi, wanadhani anaomba maji. Kila akikuita, wanampa maji."

Salio la Wilbard likaisha.

Mashine ya kuchapa ikaguna, ikatoa karatasi ambayo hakuna aliyeiomba. Jina la mwenyeji, lile alilolisema Gwantwa ukutani, lilikuwa juu, kwa herufi kubwa. Na kwenye kioo cha kompyuta, ambacho Mayala alikigeuzia barabarani ili wateja waone kazi yao, jina hilohilo.

"Lifute," alisema Gwantwa.

"Nimefunga ukurasa, linarudi. Limeshakwenda kwao, mama. Halifutiki."

Gwantwa akasimama. Akavuta kanga kichwani, akakipa kioo mgongo, akainamisha shingo kama alivyokuwa akifanya njiani mzee akipita, na kusubiri lipite.

Mayala alimtazama. Nje foleni ya wateja ilikuwa imefika hadi kwenye mtaro.

"Anayefuata," alisema, kwa sauti ndogo.