Mgonjwa Bado Anavuta Hewa

Kila Jumapili saa kumi jioni simu ililia, na kila Jumapili fundi cherehani aliiacha ilie mara tatu ndipo aipokee, asije akaonekana mtu aliyekuwa akiingoja. Na alikuwa ameikodolea macho tangu saa nane.

"Mgonjwa anaendeleaje?" mkewe aliuliza.

"Yupo. Bado anavuta hewa."

Hapo mazungumzo yakafunguka. Mgonjwa alikuwa pikipiki, nzee, ya silinda mbili, iliyotengenezwa kabla binti yao hajazaliwa. Jina alilipata kwa mke, muuguzi mstaafu, ambaye hakuwahi kuona kitu kibovu akakiita kibovu. Kwake kila kitu kilikuwa kinaumwa, kuanzia kochi mpaka bomba la jikoni, na bomba lenyewe alilipa pole kabla ya kulifunga kitambaa.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana. Kati ya kabureta na injini hukaa vipande viwili vya mpira, vifupi tu, kila silinda na chake, na ndimo mafuta na hewa hupitia kwenda kuchomwa. Vipande hivyo vilikuwa vimekauka kwa uzee vikapasuka. Hewa ya wizi ikawa inapenya kwenye nyufa, na injini ikashikwa na homa: ukiiwasha inapandisha kelele yenyewe bila kuguswa, ukiitaka itulie inazima. Fundi alivipaka gundi, akavifunga kwa mabaki ya tyubu, akaomba Mungu. Haikusaidia.

Homa ile ilianza mwezi uleule mke alipokwenda kwa binti yao, mwendo wa nusu siku, kusaidia kulea wajukuu pacha. Ilikuwa iwe miezi mitatu tu. "Nikimaliza uje unichukue na Mgonjwa," alisema akiingia kwenye gari la mkwe. Miezi mitatu ikazaa mwaka, mwaka ukazaa mwenzake. Pacha sasa walikuwa wanakimbia na kutukana. Hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna aliyerusha neno. Kila Jumapili walizungumzia mipira ya kabureta, dakika kumi na tano au ishirini, kisha wakaagana.

Huenda wangeendelea hivyo mpaka kaburini kama si jirani. Jirani huyu, muuza viatu, alikuja kupunguziwa suruali, na watu wa kuja kupunguziwa suruali huwa wamesimama, hawana la kufanya ila kuuliza.

"Mama anarudi lini?"

"Pikipiki ikipona namfuata," fundi akajibu, pini mdomoni.

Jirani akacheka. "Mzee, kwani mabasi yamekwisha duniani?"

Ulikuwa utani tu, na mwenyewe aliusahau kabla suruali haijamaliza kupimwa. Lakini fundi hakulala vizuri siku ile, wala iliyofuata. Siku ya tatu akapiga moyo konde akaenda kwa muuza spea, mtaa ambao, akijisema ukweli, alikuwa akiukwepa.

"Mzee wangu, umepotea wapi?" muuza spea alisema, na mkono tayari uko rafuni. "Mipira yako uliyoagiza ilifika mwaka jana. Nikadhani umehama."

Fundi akasema kazi zilikuwa nyingi. Alirudi nyumbani na kifurushi chini ya kwapa, na moyo ukimdunda. Alikuwa anamtaka mke wake arudi. Si jambo la kuzungusha maneno. Nyumba ilikuwa imemzidi ukubwa. Alikuwa akipika sufuria moja akaila siku mbili, na asubuhi nyingine aligundua hajasema neno na mtu tangu jana yake.

Jumatano asubuhi alifunika cherehani, akaziacha sare za shule mezani zikiwa nusu zimekatwa, akatoka uani. Akafunga koki ya mafuta, akatoa kiti na tangi, akalegeza klipu za chuma, akazichomoa kabureta zote mbili kwa pamoja, maana zimefungwa ubavu kwa ubavu kwenye kipande kimoja cha bati. Mipira ya zamani ilipokunjwa kidogo nyufa zilifunguka, ukaona mwanga upande wa pili. Aliyakwangua mabaki yake kwa wembe polepole, kama anavyofumua mshono wa kitambaa cha thamani, akafuta, akafuta tena. Mipira mipya akailoweka kwenye maji ya moto ilainike, akaifunga kwa bolti zake. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari.

Ngoma ilikuwa kuzirudisha kabureta. Midomo miwili inatakiwa iingie kwenye mipira miwili kwa wakati mmoja, na nyuma yake mipira ya boksi la kuchujia hewa inasukuma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Miaka ishirini na sita kazi hii waliifanya wawili: yeye anasukuma, mkewe amechuchumaa upande wa pili na mpini wa kijiko, anauingiza ukingo wa mpira mahali pake huku akimkemea, "Taratibu, bwana, humzalishi ng'ombe."

Alijaribu. Ya kushoto ikiingia, ya kulia inatoka. Akajaribu tena, akachubuka vidole. Mara ya tatu zilikaribia kabisa, ukingo mdogo tu umebaki, na akasema kwa sauti, "Haya, shika hapo."

Hakukuwa na mtu. Aliona haya hata kutazama upande ule. Akaziachia kabureta, akakaa chini kwenye saruji, damu ikimtoka kwenye kifundo cha kidole, akakaa hapo muda mrefu.

Kilichomwinua ni ufundi wake mwenyewe. Alikuwa ameshashona mikanda ya mabegi isiyo na idadi. Akaenda kuchukua mmoja mpana wenye kifungo cha kukazia, akauzungusha nyuma ya kabureta mpaka mbele ya injini, akaukaza kidogo, akasukuma ukingo kwa mpini wa kijiko, akakaza tena kidogo. Mkanda ulishika kama mkono wa mtu, tena usiochoka wala kukemea. Punde zikaingia zote mbili, ndi! Akafunga klipu.

Alifurahi. Kisha furaha ikamkauka palepale. Kazi ile walidhani miaka yote ni ya watu wawili, kumbe inataka mtu mmoja na mkanda wa begi.

Aliiwasha. Ilikohoa mara mbili, ikashika, ikatulia. Akachukua bomba la sindano la mkewe, lisilo na sindano, akanyunyizia maji kuzunguka mipira, maana kama kuna ufa injini ingebadilisha sauti. Haikubadilisha chochote. Fundi hakungoja Jumapili. Alinawa mikono akapiga simu.

"Nani amekufa?" ndilo neno la kwanza la mkewe.

"Hakuna aliyekufa. Mgonjwa amepona."

"Amepona kabisa?"

"Kabisa. Weka kikombe cha chai juu ya tangi, hakimwagiki. Jumamosi alfajiri naondoka, mchana nipo kwako. Funga mizigo."

Nyuma ya mkewe pacha walikuwa wakigombania kitu na binti yao akiwanyamazisha. Kisha mlango ukafungwa, kelele zikakatika, na fundi akajua mkewe ametoka nje ili azungumze.

"Mume wangu," alisema. Hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo kwenye simu, na fundi akaogopa. "Njoo utusalimie, njoo uone wajukuu, siku yoyote karibu. Lakini usije kunichukua. Mimi sirudi huko."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Ungekuwa umenikosea ningeshasema, mdomo wangu unaujua. Ila huku nikiamka nasikia watu. Huko tulikuwa tunakaa, wewe na cherehani yako, mimi na redio yangu, mpaka kitu kiharibike ndipo tuongee."

Maneno fundi alikuwa nayo, tena mengi, ila yalikuwa yamekaa siku nyingi bila kutumika.

"Mabasi yapo, hukuja," mkewe akaendelea, kwa upole, na upole ndio uliouma. "Nikajua unajua. Nikajua ndiyo maana humtibu Mgonjwa."

Fundi alingoja kama mkewe atasema, basi hamia wewe huku. Hakusema.

"Sawa," fundi akajibu.

Ndilo jibu alilolipata, na alilijutia siku nne mfululizo. Alishona sare, akazifumua, akazishona upya. Mgonjwa alisimama uani mzima wa afya, na fundi hakumtazama. Alijiuliza kama kweli alijua, na kila alipojiuliza alipata kazi ya haraka ya kufanya.

Jumapili saa kumi simu haikulia. Saa kumi na robo haikulia. Ilipolia, saa kumi na nusu karibu, aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, na wala hakujali ataonekanaje.

Walisalimiana. Wajukuu hawajambo. Binti hajambo. Huko mvua imenyesha? Imenyesha kidogo. Na huku? Huku bado. Baada ya hapo habari ziliwaishia, watu wazima waliozaa pamoja.

"Haya basi," mkewe akasema. Fundi aliijua ile haya basi. Ikishasemwa, simu inakatwa. Akaona Jumapili hii inakwisha, na ijayo itakuwa fupi zaidi, na itakayofuata huenda isipigwe kabisa.

"Mgonjwa ameanza tena," akasema.

"Ameanza nini?"

"Kuvuta hewa. Upande wa kushoto."

Mkewe alivuta pumzi, na sauti iliyokuja ilikuwa yake, ileile ya kijiko na makemeo. "Si nilijua. Umekaza klipu kwa pupa, ukingo ukajikunja. Mimi ningekuwepo ningekwambia. Uliloweka maji ya moto au ya uvuguvugu? Useme kweli."

Wakazungumza dakika arobaini. Mke alitaka kujua klipu ilikaa wapi, bolti ilizunguka mara ngapi, na mwisho akacheka, jambo ambalo fundi hakuwa amelisikia tangu mwaka juzi. "Umwangalie polepole," akasema. "Jumapili utanieleza anaendeleaje."

Fundi akaiweka simu mezani. Alikuwa na kasoro zake nyingi, lakini tangu amwoe mwanamke yule hakuwahi kumdanganya. Kwa hiyo alichukua bisibisi, akatoka uani, akachuchumaa upande wa kushoto wa Mgonjwa, akalegeza klipu mizunguko mitatu, akauvuta ukingo wa mpira mpaka ncha ya kidole ikapita. Kisha akaiwasha pikipiki, akainamisha kichwa kusikiliza kama inavuta hewa ya kutosha.