Kikombe cha Mzazi Bora

Itangazwe kwa kila mwenye mtoto na mwenye masikio: mzazi bora wa muhula huu, kwa kauli moja ya walimu, ni mchomelea vyuma, baba yake Spika! Zawadi yenyewe ilikuwa kikombe cha plastiki, na mkono wake ulishakatika.

Kwenye mkutano huo wa wazazi, Spika alijikunyata kwenye dawati la nyuma. Mwalimu wa hesabu aliinua daftari la nyumbani la Spika, lile ambalo mzazi huandika neno na kutia sahihi kila jioni akishafanya hesabu na mwanawe, akawasomea wazazi wote:

"'Leo tumefanya hesabu kumi na mbili. Machozi ya furaha yamenidondoka.'"

"Machozi?" Mama alimgeukia mumewe. "Wewe? Siku tunamzika mama yangu ulikuwa unapiga miayo!"

"Nyamaza, mama Spika," Baba alinong'ona, kikombe kakikumbatia.

"Ila mwanao kapata kumi na tisa kwa mia," mwalimu akaendelea. "Kwenye masomo ya ziada sikumweka, nikijua ana msaada nyumbani. Sasa atarudia darasa. Mzazi, mlikuwa mnafanya hesabu gani?"

Baba akaruka wima. "Kufundisha ni kazi yako! Au unalipwa kwa kushika chaki? Nakwenda kwa mkuu wa shule, utanitambua!"

"Twende sasa hivi! Unadhani nakuogopa?"

Spika akapata matumaini. Wakishikana mashati, huenda wakamsahau. Lakini Mama, fundi cherehani ambaye jicho lake halipitwi na mshono uliopinda, alishalinyakua daftari na kulipekua.

"Baba Spika," akagonga ukurasa mmoja, "wiki hii si ndiyo uliyoungua mkono? Nilikuwa nakulisha kwa kijiko."

"Ndiyo. Kwani?"

"Mbona sahihi zimenyooka hivi?"

Ugomvi ukakatika. Macho yote yakahamia dawati la nyuma, na ya Baba ndiyo yaliyowaka zaidi.

"Ni mimi," Spika akasema. "Zote. Nilikuja na daftari, Baba ukasema nenda kwa mama yako. Mama ukasema huoni nina kazi, nenda kwa baba yako. Nikachoka kwenda." Akamgeukia mwalimu. "Na zile hesabu kumi na mbili, mwalimu… ilikuwa moja. Nayo ilinishinda."