Tajiri wa Ghorofa ya Kwanza

Kabla sijamwona Alaa nilimsikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwao, Al Khuwair, Maskati, ghorofa ya kwanza, fomu zangu kwapani, na ndani mtu alikuwa akipumua kama anayepanda ngazi, na huku hapandi popote. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwembamba, ushungi wake wa rangi ya majivu umefungwa vizuri. Akaniambia kwa Kiarabu cha kwao Jordan, "Ingia, dada. Usisimame hapo kama mkata umeme."

Ilikuwa Novemba 1996. Naandika haya kwa sababu juzi nilijiuliza kama ushungi ule ulikuwa wa majivu kweli au wa buluu, nikaona niwahi kabla mengine hayajapotea.

Wakati huo nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya utafiti pale Ruwi. Mkubwa wetu alikuwa Humaid, Muomani aliyezaliwa Tabora, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Tajiri mmoja wa Qurum alikuwa ameanzisha mfuko wa kuwasaidia Waarabu wageni waliokwama Maskati, wapate matibabu na ada za skuli. Nasikia siku moja kwenye karamu yake watu walibishana nani wana hali ngumu zaidi, Walebanoni au Wajordan, na kila mmoja akawa na mfano wake. Yule mzee mwenye mfuko akaamua kutafutiwa jibu. Wahindi na Wabangali, waliokuwa wengi kuliko wote, hakuna aliyewabishania.

Tukapewa nyumba ishirini za Walebanoni na ishirini za Wajordan. Kila nyumba niulize vyumba vingapi, viyoyozi vingapi, gari lipo, nyama mara ngapi kwa wiki, kwao wanapeleka nini. Mwisho familia iwekwe kwenye daraja, kuanzia la kwanza, mwenye kujiweza kabisa, mpaka la tano, asiye na kitu. Mfuko ungeanza kusaidia kutoka chini kwenda juu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne Unguja. Kiarabu nilijifunza ukubwani, kwa wakwe na sokoni, nakisema lakini kukiandika kunanitesa. Kwa hiyo nyumbani kwa watu niliandika kwa Kiswahili kwenye daftari, na Humaid alilisoma na kujaza fomu za Kiarabu. Ndivyo tulivyofanya miaka minne, na haikuwahi kutuletea shida.

Nilianza na Walebanoni. Wengi walikuwa na saluni, mikahawa, kazi za mapambo ya nyumba. Walinipokea kwa marashi na kahawa, na baada ya kahawa wakaanza kulia shida bila aibu yoyote. Ghorofa ya pili, juu ya kina Alaa, alikaa Ummu Fahd, mwenye saluni Qurum. Bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko.

"Niandike sina kitu," akaniambia.

"Na hizo bangili, mama?"

"Hizi? Mbili tu za kweli. Nyingine zinazifanyia kampani." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nikienda saluni mikono mitupu, nani atanipa kichwa chake? Sisi vita vimetufunza kuomba huku tumevaa vizuri. Wewe andika. Watoto watatu, ada hatujalipa, na baba yao yuko Tripoli, kwetu Lebanoni, na mwanamke mwingine. Hilo pia andika, kama pana nafasi."

Wajordan walikuwa kazi nyingine. Walimu, wahandisi, makarani, watu wa mishahara. Sahani ya matunda ilitoka hata nyumba ambayo friji lake, lilipofunguliwa, nililiona lina maji na limau. Ukiwauliza wana shida gani wanasema, "Al-hamdulillah," na wanakutazama mpaka unageuza ukurasa. Wengi walikuwa wametoka Kuwait mwaka wa vita vya Ghuba. Walifika Amman na masanduku, kisha wakatafuta tena pa kwenda.

Mume wa Alaa alikuwa mmoja wao. Wael. Kuwait alikuwa na duka la vitambaa, na sasa alikuwa mtunza bohari kwenye kiwanda Rusayl. Alikaa kwenye kochi, mgongo wima, kalamu mbili mfukoni mwa shati.

"Kazi?" nikamuuliza.

"Tājir," akasema.

Alaa, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni, akasema, "Wael. Mwambie bohari."

"Bohari ni mahali ninapokaa mchana. Ameniuliza kazi yangu. Baba yangu tājir, babu yangu tājir. Andika, ukhti."

"Ataandika, na mimi ataniandika malkia wa Uingereza," Alaa akasema. Akataka kucheka, pumzi ikamkatikia katikati, akashika ukingo wa mlango. Sote wawili tukangoja irudi. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekwaruza nguo kwa brashi kavu.

Ilikuwa valvu ya moyo. Daktari alisema abadilishiwe, nje ya nchi, na isiwe baada ya kiangazi kuanza. Kwa mshahara wa bohari wangehitaji miaka. Alaa alinieleza haya ngazini akinisindikiza, ingawa nilimkataza asishuke.

"Yeye hatakwambia," akasema. "Mimi ndiyo nakwambia. Nina miaka thelathini na nne. Sina haja ya kitu kingine chochote kwenye hiyo fomu yako."

"Itafika," nikamwambia. "Wewe una haki kuliko wote."

Nilisema hivyo. Na kwenye daftari, mbele ya jina la Wael, wakati bado nimekaa kwenye kochi lao, nilikuwa nimekwisha kuandika, haraka haraka, kwa mkono wangu: *Tajiri, Kuwait.* Ugonjwa wa mke niliuandika pia, mistari minne. Lakini neno la kwanza ndilo lililoamua daraja.

Nilikuja kulijua kosa baada ya Idi ndogo, nyumbani kwangu, napiga pasi. Binti yangu Khawla, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, alikuwa akisoma somo lake la Kiarabu kwa sauti, hadithi ya mfanyabiashara na mizani yake. Mama yangu, Bi Masouda, alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele.

"Huyo tajiri mwisho anafanywa nini?" mama akauliza.

"Siyo tajiri, bibi. Tājir. Ni mfanyabiashara tu. Tajiri kwa Kiarabu ni ghani."

"Usinifunze miye tajiri. Nimeolewa na mmoja."

"Babu alikuwa na duka, bibi."

"Basi si ndiyo hivyo? Na baada ya mapinduzi hakuwa na duka, na watu mtaani kwetu Malindi bado wakimwita tajiri. Amekufa anaitwa tajiri, na sanda yake ya kuchangiwa."

Walikuwa wanacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeiacha pasi juu ya kanzu mpaka harufu ikawafikia.

Kesho yake nilimfungulia Humaid daftari. Akasoma, akachukua fomu, akaziweka pamoja.

"Umeandika tajiri," akasema, "nami nikasoma tajiri. Mzanzibari na mtu wa Tabora. Sasa hapa nani Mwarabu?" Akacheka, kisha akasoma ile mistari minne ya chini na uso ukabadilika. "Bi Nasriya, huyu nimemweka daraja la kwanza. Nilidhani fedha zake ziko Kuwait. Nilidhani anataka kutibiwa bure kama wengine wanavyotaka."

Akawapigia simu watu wa mfuko palepale. Orodha ilikuwa imefungwa, watu walikuwa wamekwisha kuandikiwa barua, na kikao kingine cha mfuko kingekuwa baada ya Idi kubwa. Wakasema tuandike masahihisho, yatasomwa. Tukaandika siku ile ile. Wakajibu kwamba wameyapokea na kwamba wanaona uzito wake.

Sikwenda Al Khuwair. Nilikuwa na sababu nzuri, na niliirudia kila asubuhi: nitakwenda nikiwa na habari njema mkononi. Kwa nini nimpe mgonjwa kosa leo, wakati mwezi ujao nitampa jibu? Nilipita mtaa ule mara mbili kwa teksi na mara zote mbili nilitazama upande mwingine.

Alaa alifariki siku tisa kabla ya kikao.

Nilikwenda siku ya pili ya matanga. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, na aliyekuwa akimimina kahawa alikuwa Ummu Fahd, mikono mitupu, bila bangili hata moja. Akanivuta jikoni.

"Mimi nimepewa," akasema kwa sauti ya chini. "Ada za watoto watatu, mwaka mzima. Yeye hakupewa. Tumekaa ngazi moja, dada. Kila siku namsikia anapumua nikishuka. Wewe uliyeandika, niambie, mimi niliulizwa nini na yeye aliulizwa nini?"

"Yale yale," nikamwambia.

"Basi?"

Kabla sijafungua kinywa, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka Amman, akaingia kuchukua vikombe. Aliponitambua kuwa ndimi Mzanzibari wa fomu, alinishika mikono miwili. Akasema Alaa alimsimulia kwenye simu kwamba kuna mwanamke alikaa akamsikiliza mpaka mwisho, asimharakishe. Nilikuwa nimekuja kusema kosa langu. Baada ya hapo nikashindwa.

Ripoti ilitoka mwaka ule ule, ina jalada zuri. Ilisema hali za jamii hizo mbili zinakaribiana, Wajordan wakiwa juu kidogo. Humaid aliniambia kwa huzuni kwamba ile nyumba moja haikubadilisha sana hesabu.

Tangu hapo Alaa alianza kuja. Hakuja usiku. Alikuja saa nane, saa tisa za mchana, wakati Maskati nzima imefunga madirisha na imelala. Nilikuwa nikisikia pumzi yake upande wa jikoni, ile ya brashi kavu. Nilimwita fundi wa kiyoyozi. Akakifungua, akakiosha, akasema hakina kitu, madam. Nikamwita wa pili. Khawla alidhani nimechoka na kazi, na mama alifukiza udi bila kuniuliza. Nilijifunza kukaa nayo. Ikianza naacha ninachofanya, nangoja irudi, kama tulivyongoja siku ile mimi na mumewe.

Miaka saba ikapita hivyo. Mwaka 2004 ofisi ilipata kazi ya kuhesabu wafanyakazi wa viwanda, nikapelekwa Rusayl. Kwenye bohari la tatu, nyuma ya meza ya chuma, alikuwa Wael. Mvi kichwa kizima. Kalamu mbili mfukoni.

"Ukhti wa fomu," akasema. Akanitafutia katoni ya kukalia.

Nilijua kuwa nisiposema pale sitasema tena. Nikamwambia yote, kwa Kiarabu changu kibovu: neno lake, neno langu, daftari, Humaid, daraja la kwanza. Nikamwambia kuwa nilijua miezi miwili kabla hajafariki na sikuja. Nilimaliza nikangoja anitukane. Nilikuwa nalihitaji tusi lile.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Barua yenu. Ilikuja kiwandani hapa, kwa jina langu. 'Tumeona kwamba wewe ni mtu wa daraja la kwanza.' Chini yake imeandikwa, kama kuna kosa lete malalamiko ndani ya siku kumi na tano." Alikuwa akiongea akitazama katoni, kama anayezikagua. "Nilikaa nayo siku kumi na tano."

"Kwa nini?"

"Tangu Kuwait nimeandikwa mkimbizi, nimeandikwa mwajiriwa, nimeandikwa mtu wa kafili fulani, mdhamini wa viza. Mara hii mtu asiyenijua ameniandika mwenye mali. Nikasema wacha ikae mfukoni leo tu. Kesho nitakwenda. Kesho nikasema kesho."

"Alaa aliiona?"

"Nilimwambia bado hawajajibu. Kila siku aliniuliza, na kila siku nilimwambia bado."

Nataka niandike ukweli hapa. Sikumhurumia. Kitu cha kwanza nilichokihisi ni hasira, kama mtu aliyepokonywa. Nilikuwa nimelibeba jambo lile miaka saba kama mali yangu, na sasa huyu ananichukulia nusu.

"Kosa lilikuwa langu," nikamwambia. "Neno nililiandika mimi."

"Wewe chukua lako, ukhti. Langu niachie."

Kisha, kwa sauti nyingine, ya mtu anayepanga kazi, akaniambia kwamba mkataba wake umekwisha na Alhamisi anarudi Amman. Hapa hana mtu tena. Ummu Fahd amehamia Dubai. Wael mwenyewe alikuwa akienda kaburini kwa Alaa kila Ijumaa, na Ijumaa hii hatakuwepo. Akachomoa karatasi ya kupokelea mizigo, akaigeuza, akachora: lango, tangi la maji, safu ya nne, la saba kutoka ukutani. Makaburi yale hayana majina. La mwanamume lina mawe mawili, la mwanamke matatu, basi.

"Utakwenda?" akaniuliza.

"Nitakwenda."

Khawla ndiye aliyenipeleka, alikuwa amepata leseni mwaka ule. Alibaki garini. Nilihesabu kutoka tangi, nikahesabu safu, nikafika. Lakini ukuta ulikuwa umetengenezwa upya na kusogezwa kidogo, na sikujua Wael alihesabu kutoka ukuta wa zamani au huu. Makaburi mawili yalikuwa yanaweza kuwa la saba. Yote mawili yana mawe matatu.

Nilisimama na karatasi yake. Ningeweza kumpigia simu, alikuwa amenipa namba ya hapa Maskati, lakini ilikuwa Ijumaa na ndege yake iliondoka jana. Nikakaa chini katikati ya yale mawili. Nikamsomea wa kulia Yasini mpaka mwisho, kisha nikaanza upya nikamsomea wa kushoto, pole pole, kila herufi mahali pake.