Kifuniko Hakina Ndoa

Mpima damu aliweka rula juu ya sahani ya kwanza ya kuoteshea wadudu wa ugonjwa. Milimita ishirini na mbili. Kuzunguka dawa ya kawaida palibaki duara tupu. Wadudu wote walikuwa wamekufa. Kwenye sahani ya pili walikuwa wametambaa mpaka ukingoni mwa dawa, kama ukoka uliofunika njia. Aliigeuza asome jina. Kitako kitupu. Akaigeuza ya kwanza. Nayo tupu.

"Hivi vifuniko umevigusa?"

"Sinia liliniteleza asubuhi, dada. Vikaanguka vyote viwili, nikafunika tu," alisema mwenzake, ambaye kwa kupima vinyesi miaka kumi na miwili walimwita Bwana Choo. "Majina si yako chini?"

Hiyo ilikuwa kanuni ya mpima damu mwenyewe. Kila mgeni wa maabara alimwambia: kifuniko hakina ndoa, leo kiko na sahani hii, kesho na ile, andika kitakoni. Lakini juzi chupa iliyoletwa ilikuwa ya damu ya mtoto wa mdogo wake. Akili ikaruka, akaandika juu ya vifuniko, cha mtoto na cha mzee wa kitanda cha tisa.

"Basi tumeozesha mke wa mtu," Bwana Choo alisema, kisha akajutia mdomo wake.

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa wodini.

"Dawa kali imebaki ya mtu mmoja. Nimpe nani?"

Jina la mtoto lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa mpima damu. Bwana Choo aligeukia dirisha, akajifanya anafuta meza.

"Sijui, dokta. Nimechanganya sahani. Kosa ni langu."

"Utajua lini?"

"Kesho alfajiri."

"Huyu mtoto hana kesho nyingi."

"Najua."

"Wala mzee." Daktari alivuta pumzi. "Nikibahatisha nikakosea, sina nyingine. Nasubiri."

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi nje ya mlango. Dada yake alipotoka kumweleza, alisimama.

"Yaani dada, wewe? Si useme tu ile mbaya ni ya mwanangu apewe dawa!"

"Na kama si yake?"

"Mimi nina mtoto mmoja!"

 Kwenye benchi hilohilo walikaa mabinti wawili wa yule mzee, na mmoja alikuwa ameacha kumenya chungwa. Mdogo wake akawaona. Hakuomba radhi, ila hakukaa tena. Alienda kusimama ukutani, mgongo kwa wote.

Ndani, mpima damu alichoma waya kwenye moto mpaka ukawa mwekundu, akaupoza, akauchovya kwenye chupa ya kwanza. Aliandika jina la chupa kitakoni mwa sahani mpya, akaisugua taratibu, mstari kwa mstari, akaweka dawa katikati, kisha akaanza ya pili. Wadudu huota kwa saa kumi na nane. Hawaharakishwi.

Alifunga kabati la joto, akaandika muda mlangoni: saa nne na robo asubuhi.

"Kichomeo nizime?" Bwana Choo aliuliza.

"Kiache. Nipe chupa ya mgonjwa anayefuata."